Mtu Mmoja, Majina Matatu: Kisa cha Mama wa Kituruki Aliyetoka Bulgaria

Kuhusu kisa hiki

Mama ninayemsimulia hapa alikuwa mwenye nyumba wangu nilipokuwa nasoma Bursa, mji wa viwanda kaskazini-magharibi mwa Uturuki. Nilimwita teyze, kama vijana wa huko wanavyowaita mama wa rika lake. Maana yake ni mama mdogo au mama mkubwa, ndugu wa kike wa mama yako. Ameniruhusu kuandika kwa sharti kwamba jina lake, kijiji chake na karakana aliyofanyia kazi visitajwe. Nitamwita Ayşe. Majina ya familia yaliyomo humu nimeyabuni, ila nimeyafanya yabadilike kwa namna ileile yalivyobadilika majina yao ya kweli, kwa kuwa kisa chenyewe ni cha majina.

Nimekiandika nikiwafikiria wasaidizi wa kisheria, makarani wa usajili na watu wa kujitolea, wale wanaoketi mezani na mtu aliyehama nchi akiwa na bahasha ya karatasi zisizolingana. Kabla ya kumsaidia Ayşe nilikuwa na mazoea ya kuuliza karatasi ipi ndiyo ya kweli. Swali hilo lilitupotezea karibu mwaka mzima.

Usuli

Waturuki wa Bulgaria si wahamiaji wa juzi. Walikuwapo tangu Milki ya Osmani, dola ya Waturuki, ilipoiteka nchi hiyo mwishoni mwa karne ya 14. Mwaka 1878, baada ya vita vya Urusi na Osmani, Bulgaria ilipata serikali yake, nao wakajikuta ni wachache katika mashamba yaleyale waliyoyalima babu zao. Wao hawakuhama, mpaka ndio uliowahama. Baadaye walianza kuondoka kwa mawimbi. Mwaka 1950 na 1951 pekee waliingia Uturuki watu kama 150,000, na mkataba wa 1968 ukawaruhusu wengine kuwafuata ndugu zao. Ndiyo maana karibu kila ukoo ulikuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule. Bursa waliwaita muhacir, neno la mzizi uleule wa mhajiri wetu.

Ayşe alizaliwa 1950 katika kijiji cha mkoa wa Kardzhali, milima ya Rhodope, kusini mwa Bulgaria. Huko watu waliishi kwa tumbaku ya majani madogo. Inachumwa kabla jua halijachomoza, jani kwa jani, kisha majani yanatungwa kwenye uzi kwa sindano ndefu na kuanikwa. Alijua kutunga kabla ya kujua kusoma. Darasa la kwanza alisomeshwa kwa Kituruki. Alipofika la tatu, shule za Waturuki ziliunganishwa na za Kibulgaria, na somo la lugha ya mama likaendelea kupunguzwa hadi kufutwa kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1968 aliajiriwa katika karakana ya serikali ya kushona nguo. Aliolewa 1971 na kijana wa mgodini, na mtoto wao wa kwanza, wa kiume, akazaliwa 1973.

Kuna mambo mawili ya usajili ambayo msomaji anapaswa kuyashika hapa, maana kila kitu kinachofuata kinayategemea.

La kwanza ni muundo wa jina. Katika sajili ya Bulgaria mtu ana jina lake, la baba yake, kisha la ukoo, ambalo kwa Waturuki wengi lilikuwa jina la babu. Mama yetu aliandikwa Ayşe Mehmedova Hasanova. Kwa hiyo jina la mtu mmoja linabeba watu watatu, na ukilibadilisha lote umewagusa mpaka marehemu.

La pili ni namba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bulgaria ilimpa kila raia namba moja ya maisha yenye tarakimu 10. Sita za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Wakati huo Ayşe aliiona kama namba nyingine tu ya serikali.

Desemba 1984

Serikali ya Kikomunisti ya Todor Zhivkov ilikuwa imekwishabadilisha kwa nguvu majina ya Wapomaki, yaani Waislamu wanaozungumza Kibulgaria, na ya Waroma Waislamu. Waturuki, kundi kubwa kuliko yote hayo, walifikiwa mwishoni mwa 1984. Kampeni hiyo iliitwa rasmi Mchakato wa Uamsho. Hoja yake ilikuwa kwamba Bulgaria haina Waturuki, ina Wabulgaria waliosilimishwa zamani ambao sasa wanarudishiwa asili yao. Kati ya Desemba 1984 na Machi 1985 watu zaidi ya 800,000 walipewa majina ya Kibulgaria.

Kardzhali ndiko kulikoanziwa. Vijiji vilizingirwa na polisi na askari, theluji ikiwa imefunga njia. Watu waliandamana, na tarehe 26 Desemba, katika kijiji cha Mogilyane, mtoto wa kike aliyeitwa Türkan, asiyetimiza hata miaka miwili, aliuawa mama yake akiwa amembeba. Leo pana chemchemi ya ukumbusho yenye jina lake. Wanaume waliokataa walipigwa na kufukuzwa kazi, na mamia wakapelekwa kambi ya Belene, kwenye kisiwa cha mto Danubi.

Kijijini kwa Ayşe makarani waliketi kwenye chumba cha baraza la kijiji wakiwa na orodha ya majina ya kuchagua na fomu zilizokwisha kuandikwa. Hizo fomu zinahitaji kutazamwa kwa makini. Hazikuwa amri. Zilikuwa maombi: mimi fulani, kwa hiari yangu, naomba nibadilishiwe jina. Serikali ilihitaji karatasi ya kuonyesha kwamba bunduki nje ya mlango hazihusiki.

Mumewe alitaka kukataa. Ayşe alikuwa na mimba ya miezi mitano na ndiye aliyesisitiza watie saini. Aliniambia sababu bila kujitetea: ndugu wa mumewe alikuwa ameshachukuliwa, nyumba ilikuwa na mama mkwe mzee, mtoto wa miaka 11 na mwingine tumboni, na mshahara wa mgodi ndio uliowalisha wote. Alichagua jina linaloanza kwa herufi ileile, kama walivyofanya wengi. Akawa Asya Mihaylova Hristova. Baba yake Mehmed, aliyekufa 1979, akawa Mihayl kaburini.

Walidaiwa vitambulisho vyote vya zamani. Walirudisha vitambulisho vya ndani na cheti cha ndoa. Cheti chake cha kuzaliwa cha 1950 Ayşe alikishona ndani ya godoro la pamba. Hakujua kitamfaa nini. Hakutaka tu wakichukue.

Miaka minne na nusu ya jina la kuazima

Binti alizaliwa Aprili 1985. Huyu hakubadilishiwa jina, maana hakuwahi kuandikwa jina jingine. Cheti chake cha kwanza kina jina la Kibulgaria. Nyumbani bibi alimwadhinia sikioni na kumwita Emine, milango imefungwa. Akiwa chekechea alijifunza kuitika jina moja mchana na jingine usiku, na mama yake anasema hakukosea hata mara moja. Anakumbuka hilo kwa uchungu kuliko mengine yote, kwamba mtoto wa miaka mitatu alijua kunyamaza.

Kuzungumza Kituruki hadharani kulikuwa na faini ya leva 5, fedha ya Bulgaria wakati huo. Suruali pana za wanawake zilipigwa marufuku. Tohara ilikuwa kosa. Gazeti lililokuwa likitoka kwa Kituruki likabaki na Kibulgaria peke yake. Makaburini, mawe yenye majina ya Kituruki yalifutwa au kupakwa saruji. Habari iliyowapa moyo ilitoka mbali, kutoka Melbourne, Australia, Desemba 1986. Mnyanyua vyuma Naim Süleymanoğlu, mtoto wa kijiji cha Ptichar katika mkoa wao huo, ambaye serikali ilikuwa imempa jina la Naum Shalamanov, alitoroka kwenye mashindano na kuomba hifadhi Uturuki. Mwaka 1988 alishinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Seoul kwa jina lake. Ayşe anasema walisikiliza redio ya Uturuki chini ya blanketi.

Siku mbili za Juni 1989

Mei 1989 Waturuki walianza migomo ya kula na maandamano, hasa kaskazini-mashariki. Tarehe 29 Mei Zhivkov alihutubia taifa na kuitaka Uturuki ifungue mpaka, akitaka kuonyesha kwamba wanaotaka kuondoka ni wachache. Mpaka ukafunguliwa. Hadi Uturuki ilipoufunga usiku wa tarehe 21 Agosti walikuwa wamevuka watu zaidi ya 300,000, na mwisho wa mwaka hesabu ilifika kama 360,000. Kwa kuwa walipewa pasi za kusafiria za watalii, Wabulgaria waliuita msafara huo Matembezi Makubwa. Waliacha nyumba, mifugo na tumbaku shambani, na serikali ikalazimika kuhamasisha watu wa mijini kwenda kuvuna.

Wengine walifukuzwa kwa notisi ya saa 24. Familia ya Ayşe ilipata pasi katikati ya Juni na ilikuwa huru kuchagua siku. Mumewe alitaka kuondoka usiku uleule, kabla serikali haijabadili mawazo, na gari la jirani lilikuwa na nafasi. Ayşe alikataa kwa siku mbili. Alikuwa akimfuata mhasibu wa karakana ampe daftari lake la kazi, kile kijitabu ambacho mwajiri huandika tarehe ya kuajiriwa, cheo, mshahara na mihuri yote. Mhasibu alikuwa anatoroka ofisini, kwa kuwa wafanyakazi wengi walikuwa wanadai madaftari siku moja. Siku ya pili jioni alilipata. Mumewe alimlaumu njia nzima hadi mpakani kwa siku hizo mbili.

Nilimuuliza alijuaje kwamba kijitabu kile kina thamani hiyo. Alisema hakujua. Alikuwa ameshona miaka 21, na kile ndicho kitu pekee kilichosema hivyo.

Uamuzi mwingine waliofanya siku hizo ulikwenda vibaya. Walimwacha mama mkwe atunze nyumba na ng'ombe, wakipanga mume arudi kumchukua Septemba. Mpaka ulifungwa Agosti. Bibi aliishi peke yake hadi alipofariki 1997.

Bursa

Walilala siku kadhaa kwenye mahema karibu na Edirne, mji wa Uturuki ulio jirani na mpaka, kisha wakapokelewa na shangazi aliyehama mwaka 1951. Ndani ya mwezi mmoja Ayşe alikuwa anashona tena, katika kiwanda cha nguo. Walipewa uraia upesi, baadaye nyumba ya mkopo katika mtaa uliojengwa na serikali kwa ajili ya wahamiaji. Kati ya waliovuka mwaka ule, watu kama 150,000 walirudi Bulgaria hadi mwisho wa 1990, baada ya Zhivkov kuanguka tarehe 10 Novemba 1989. Ayşe na mumewe walibaki, kwa ajili ya shule ya mtoto na kwa woga.

Siku ya uandikishaji wa uraia karani aliwauliza wanataka jina gani la ukoo. Walichagua Yıldız, yaani nyota. Ilikuwa siku ya furaha, na sijasikia mtu akiilaani. Lakini tazama kilichoingia kwenye karatasi. Jina: Ayşe Yıldız. Mahali pa kuzaliwa: Kırcaali, ndivyo Waturuki wanavyoita Kardzhali. Kijiji kiliandikwa kwa jina lake la Kituruki, jina ambalo serikali ya Bulgaria ililifuta mwaka 1934 ilipobadilisha majina ya vijiji vingi kwa mpigo. Hapakuandikwa popote kwamba huyu ndiye aliyekuwa Hasanova na Hristova. Nani angekumbuka kuomba hilo, mtu akiwa ndio kwanza amerudishiwa jina lake?

Huku nyuma, tarehe 29 Desemba 1989, uongozi mpya wa chama Bulgaria uliamua kuwarudishia watu majina, na Machi 1990 ikatungwa sheria. Mwanzoni ilimpeleka kila mtu mahakamani. Baadaye mwaka huohuo ikarahisishwa, ikatosha kupeleka maombi kwenye manispaa. Mama mkwe alikwenda akarudishiwa jina lake. Ayşe hakwenda. Alikuwa Bursa, na kwa mawazo yake jina alikuwa nalo tayari. Katika sajili ya Bulgaria akaendelea kuishi mwanamke aitwaye Asya Hristova, mzima, mwenye umri wake, asiye na habari naye.

Faili la pensheni

Mkataba wa 1998 kati ya nchi hizo mbili uliwezesha pensheni za Bulgaria kulipwa kwa watu wanaoishi Uturuki. Majirani wengi walikuwa wameanza kupokea. Si fedha nyingi, lakini kwa Ayşe, ambaye wakati huo alikuwa mjane anayetegemea pensheni ndogo ya kiwanda na kodi ya chumba kimoja cha mwanafunzi, ni dawa na kuni za majira ya baridi. Alipokaribia umri wa kudai kwa mtu asiyetimiza miaka yote ya kazi, ambaye hutakiwa awe amefanya kazi angalau miaka 15, aliniomba nimsaidie kupanga karatasi. Nilikuwa nasoma historia, nilijua Kituruki vizuri, na nilifurahi mno kuaminiwa.

Faili la kwanza nililipanga vibaya. Nilianza na barua ndefu ya kueleza dhuluma ya 1984. Nikaambatisha kitambulisho cha Uturuki, cheti cha kuzaliwa kilichotoka kwenye godoro, na nakala ya daftari la kazi. Mtafsiri aliyeapishwa akageuza herufi za Kisirili, zile wanazoandikia Wabulgaria, kuwa za Kilatini, na jina la kwenye cheti likatoka Ayshe badala ya Ayşe. Kwa hiyo karatasi zetu zilikuwa na Ayşe Yıldız, Ayshe Mehmedova Hasanova, na Asya Mihaylova Hristova. Zilikuwa na kijiji chenye majina mawili. Na hati ya ndoa haikuwapo. Baada ya miezi minane lilirudi na jibu fupi: mwombaji hajathibitishwa kuwa ndiye mwenye daftari la kazi.

Ayşe alisoma barua, akaikunja, akasema basi. Hakulia. Alisema ameshakataliwa kuwa yeye mara moja, hii ni ya pili, hana haja ya tatu. Karatasi zilikaa kabatini miezi mitatu.

Aliyetutoa ni jirani, mzee aliyekuwa karani wa baraza la kijiji kabla ya 1984. Alilifungua daftari la kazi, akapita ukurasa wa jina bila kuutazama, akaweka kidole kwenye tarakimu 10. Kisha akaomba pasi ya 1989, ile ya utalii, iliyokuwa kwenye boksi la picha na ambayo mimi sikuwa nimeiweka kwenye faili kwa sababu ilikuwa na jina la kulazimishwa. Namba ilikuwa ileile. Serikali ilibadilisha jina lake, la baba yake na la babu yake, lakini ilihitaji kuendelea kumhesabu, kwa hiyo haikugusa namba.

Kuanzia hapo tuliipanga kazi upya. Safari hii tulianzia Bulgaria. Binti alimsindikiza mama yake Kardzhali, wakaenda manispaa na namba, pasi na cheti cha kuzaliwa. Sajili ya 1985 ilikuwepo, jina la zamani na jipya kwenye mstari mmoja, kwa mwandiko nadhifu. Manispaa ikatoa cheti kinachosema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Siku hiyohiyo Ayşe akajaza maombi ya kurudishiwa jina, miaka zaidi ya 25 baada ya sheria. Kwa upande wa Uturuki tukapata dondoo ya faili la uraia la 1989, ambamo pasi aliyoingia nayo ilikuwa imenukuliwa namba yake. Hicho ndicho kilikuwa kiungo kati ya Hristova na Yıldız. Kilikuwa kimelala kwenye jalada muda wote.

Karakana ilishafungwa katika miaka ya 1990, na orodha zake za mishahara zilikuwa zimehamishiwa kwenye hifadhi ya serikali. Orodha ya Desemba 1984 ina Ayşe. Ya Januari 1985 ina Asya, kwenye nafasi ileile, mshahara uleule, namba ileile. Nimeiona nakala yake. Wanawake 38 wa karakana, kurasa mbili zinazofuatana, na hakuna jina hata moja linalofanana.

Matokeo

Faili la pili liliwasilishwa bila barua ya historia. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa jedwali: namba moja, na chini yake kila jina, lilitumika kuanzia lini hadi lini, na ushahidi uko ukurasa gani. Pensheni ilikubaliwa baada ya miezi mitano.

Ilikubaliwa kwa miaka 18 kati ya 21. Orodha za mishahara za 1968 hadi 1971 hazikupatikana, na kurasa hizo za daftari la kazi zina muhuri uliofifia usiosomeka. Alikata rufaa mara moja, ikashindikana. Jina lake limerudi katika sajili ya Bulgaria. La baba yake pia, kwa kuwa limo ndani ya lake.

La binti halijarudi. Emine ana cheti cha kuzaliwa chenye jina ambalo hakuna mtu anayemwita, na kitambulisho cha Uturuki chenye jina lake. Tangu Bulgaria iingie Umoja wa Ulaya mwaka 2007, vijana wengi wa Bursa wamefuatilia pasi za Bulgaria ili wafanye kazi Ujerumani au Uholanzi. Yeye hajafuatilia. Anasema kuanza kudai pasi ile ni kuanza kwa kuandika jina lile.

Uchambuzi

Nianze na kosa langu, maana ndilo linaloweza kuepukwa na msomaji. Niliogopa karatasi zenye jina la kulazimishwa. Niliziona chafu. Nikaziacha nje ya faili kwa heshima kwa Ayşe, na kwa kufanya hivyo nikakata daraja la kati. Mtu mwenye majina matatu hathibitishwi kwa jina la kwanza na la mwisho. Anathibitishwa kwa lile la katikati, hata kama ndilo linalouma, kwa sababu ndilo pekee linalogusana na pande zote mbili. Hilo unatakiwa kulisema kwa mteja mapema na kwa upole. Kwa Ayşe, kuitoa ile pasi kwenye boksi kulikuwa kugumu kuliko safari ya Kardzhali.

Barua ya dhuluma nayo haikuwa na tatizo la ukweli. Tatizo ni kwamba afisa wa pensheni hakuulizwa kama Mchakato wa Uamsho ulikuwa haki. Bunge la Bulgaria lenyewe lililaani kampeni hiyo tarehe 11 Januari 2012, na likauita ufukuzaji wa 1989 utakaso wa kikabila. Alichoulizwa afisa ni kama mwanamke huyu ndiye yule. Tulimpa jibu la swali jingine, na tukamwachia kazi ya kutafuta jibu la swali lake.

Kati ya maamuzi ya familia, lile la kusubiri siku mbili kwa ajili ya daftari la kazi ndilo lililozaa pensheni. Bila kijitabu kile tungetegemea hifadhi peke yake, na tumeona hifadhi ilivyopoteza miaka mitatu. Lakini nasita kulifanya kuwa kanuni. Jirani mmoja wa mtaa uleule alisubiri vivyo hivyo wiki tatu, mambo ya nyumba na karatasi, akafungiwa mpaka. Ayşe alikuwa na pasi mkononi na mpaka ulikuwa na miezi miwili mbele yake, jambo ambalo hakuna aliyelijua. Ninachoweza kusema ni kwamba alichagua vizuri kitu cha kusubiri. Wengine walisubiri kuuza nyumba.

Kutia saini mwaka 1984 kunahukumiwa sana mtaani Bursa, na walioenda Belene wanaheshimiwa, wanastahili. Katika faili hata hivyo saini ile haikumdhuru. Fomu ya hiari iliyotungwa ili kuficha nguvu iliishia kuwa ushahidi wa tarehe, wa jina la kabla na la baada. Nadhani makarani walioandika kwa mwandiko nadhifu namna ile hawakufikiria kwamba wanamwekea mtu njia ya kurudi. Kwa wanaoshughulika na sajili za namna hii popote, usiruhusu kamwe zichomwe kwa kisingizio cha kufuta aibu.

Pengo kubwa ni la 1990, alipokosa kurudishiwa jina Bulgaria. Simlaumu. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba jina alilopewa Uturuki halikumfuta yule Asya aliyebaki kwenye sajili. Hapo ndipo msaidizi angefaa: siku ya kupokelewa, kumwandikia kila mkimbizi karatasi moja yenye majina yake yote ya zamani, jina la kijiji kwa lugha zote mbili, na namba yoyote aliyowahi kupewa, kisha igongwe muhuri kabla furaha ya jina jipya haijafunika mengine.

Kuna kipimo kimoja cha kampeni yenyewe ambacho nakitaja kwa kifupi kwa sababu si mada yangu. Serikali ilitaka nchi isiyo na Waturuki kwenye karatasi. Januari 1990 Waturuki walikuwa na chama chao cha siasa, na sensa ya 1992 iliwahesabu watu 800,052 waliojiandika kuwa Waturuki, hata baada ya wote walioondoka. Kesi dhidi ya viongozi wa kampeni ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini hakuna aliyetiwa hatiani.

Mara ya mwisho nilipomtembelea teyze alinionyesha daftari la kazi. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa wino wa buluu, Ayşe Mehmedova Hasanova, ukapigwa mstari mmoja mwekundu. Juu yake, kwa wino mweusi, jina la pili na muhuri. Amelirudisha kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa mpira, akaupeleka chumbani, na safari hii hakuuficha ndani ya godoro. Aliuweka mezani, kando ya dawa zake.